Reli za mbao za roshani: vanishi, mafuta au rangi?

Binti Shela
Asalaam aleikum jamani. Roshani yetu huku Shela inatazama bahari moja kwa moja, na reli zake ni za mbambakofi, kazi ya enzi za babu. Huwa tunazipaka vanishi ile inayong'aa, lakini masika yakipita tu inaanza kubanduka vipande vipande. Mkono wa juu umegeuka kijivu, na kwenye viungo mbao imefanya weusi. Mama anasema tupige rangi nyeupe tumalize. Mimi roho inaniuma kuifunika mbao kama ile. Nipake nini?

Fundi wa Matondoni
Waaleikum salaam dada. Usiifunike! Adui yako ni jua. Vanishi isiyo na rangi ni kama kioo: jua linapenya, linaunguza uso wa mbao, na vanishi inakosa pa kushika. Ikishapasuka, maji ya mvua yanaingia chini yake na hayatoki, ndiyo huo weusi.

Mimi ningepaka mafuta. Majahazi hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, miaka yote, ila harufu yake hamtaiweza nyumbani. Tafuta mafuta ya mbao ya nje yenye rangi ya kahawia ndani yake, maana ile rangi ndiyo inayozuia jua. Subiri Kaskazi, hewa ikiwa kavu. Osha reli kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ziache zikauke kabisa, kisha kwangua vanishi yote. Msasa namba 80, halafu 120, ukifuata uzi wa mbao. Usiendelee hadi iteleze, itakataa kunywa mafuta. Dondosha tone la maji: likizama, mbao iko tayari, likisimama, bado kuna vanishi.

Paka asubuhi au alasiri, jua likiwa limepoa. Mkono wa kwanza wa mafuta uwe mwembamba. Ikishakunywa, futa yote yaliyobaki juu, la sivyo yatanata na kushika vumbi. Na vichwa vya nguzo, pale msumeno ulipokata, virudie mpaka vikatae, kwa sababu maji huingilia hapo kuliko popote.

Matambara uliyofutia usiyakunje ukayatupa pembeni. Mafuta yakikauka hutoa joto, na tambara lililofinyangwa linaweza kuwaka lenyewe. Yatandaze nje au yaloweke kwenye maji.

Mama Sued, Malindi
Naunga mkono, ila mafuta ya kitani matupu yalinishinda upande wa kivulini, yalishika kuvu. Chukua yenye dawa ya kuvu. Na mama yako hajakosea sana, mwanangu: reli zangu za paini nilizipiga rangi, na kwa mbao laini rangi ndiyo inayokinga jua vizuri zaidi.

Binti Shela
Shukrani sana. Misumari ya zamani imeshika kutu na inaacha madoa. Niiache?

Fundi wa Matondoni
Itoe, weka ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu. Chumvi ya bahari haiachi chuma cha kawaida. Tena, mkono wa juu ukiwa bapa, mwambie fundi aupige randa upate mgongo kidogo, maji yateremke. Maji yakituama pale, hakuna mafuta yatakayodumu. Kila mwaka kabla ya masika osha chumvi, uongeze mkono mmoja wa mafuta. Hutahitaji kukwangua tena.