Shime sikio (kifaa cha kusaidia kusikia) la mzee: la nyuma ya sikio, la ndani, au hivi vya Kariakoo?

Kilosa_Kwetu (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Baba yangu usikivu umepungua sana, televisheni anaifungulia mpaka jirani anafuatilia taarifa ya habari bila kulipia king'amuzi. Jumamosi naenda mjini kumnunulia kifaa. Nimezunguka kidogo nikaona vya aina tatu: kile cha kuning'inia nyuma ya sikio chenye kamrija, kile cha kuzama ndani ya tundu kisichoonekana, na hivi vya kuchaji vya Kariakoo, jozi elfu sitini na boksi lake zuri tu. Kipi bora? Naomba majibu mapema, hela isije ikaliwa.

Mama Zuu
Bora kwa nani sasa? Mzee ana umri gani? Sikio moja au yote? Kapimwa wapi, majibu yanasemaje? Bajeti? Vidole vyake bado vinashika kitu kidogo? Mnaleta uzi wa kifaa cha masikio kama mtu anauliza subwoofer.

Popo_Bawa77
Naweka kambi hapa. Mama mkwe ana tatizo hilohilo.

Nesi wa Zamu
Nipo kitengo cha masikio, pua na koo. Kabla ya lolote mzee achunguliwe sikio. Wapo wanaoletwa "viziwi", ukichungulia unakuta nta imeziba tundu lote kwa sababu ya kuchokonoa na vijiti vya pamba. Inatolewa, mtu anarudi nyumbani bila kununua kitu. Wengine ngoma ya sikio imetoboka na linatoa usaha tangu utotoni. Huyo ana matibabu yake, na ukimsokomezea kifaa cha ndani unamwongezea tatizo.

Kilosa_Kwetu
Mama Zuu punguza ukali dada. Ana miaka 74. Bajeti laki nane, nikijibana sana milioni. Hajapimwa. La kulia ndilo bovu zaidi. Yeye anasema anasikia vizuri, ila watu siku hizi wananong'ona.

Nesi wa Zamu
Hilo la kunong'ona tunalisikia kila siku ya kliniki. Uzee huanza kula sauti nyembamba: s, f, sh, t, k. Zile nene zinabaki. Kwa hiyo anajua unaongea, ila "fika" na "shika" kwake ni kitu kimoja, na penye kelele ndiyo kabisa.

Ndiyo maana kipimo. Anakaa chumba kisichoingiza kelele, anavaa hedifoni, anabonyeza kila akisikia mlio, kuanzia mzito wa hezi 250 hadi mwembamba wa hezi 8,000. Inachorwa odiogramu, yaani mchoro wa usikivu wake. Kwa vipimo vya WHO, Shirika la Afya Duniani, sauti ndogo kabisa unayoisikia ikiwa chini ya desibeli 20 ni kawaida, 20 hadi 34 ni upungufu mdogo, 35 hadi 49 wa wastani, na kuanzia 65 tunaongelea upungufu mkubwa. Mtu wa 40 na mtu wa 85 hawavai kifaa kimoja.

Na hilo la kulia lilianza polepole au ghafla? Sikio likizima ghafla, ndani ya siku moja mpaka tatu, ni dharura. Unakimbia hospitali siku hiyohiyo maana dawa zake zinataka kuwahi, ukikaa wiki kadhaa umechelewa. Hata kama ni polepole, masikio yakitofautiana sana daktari ayaone.

Kilosa_Kwetu
Sijui. Nitamuuliza mama.

Chuma Chakavu
Kutisha watu huku ndiko kunafanya hospitali zipige hela. Bibi yangu anavaa cha elfu arobaini na tano cha hapohapo Kariakoo, mwaka wa pili huu, anasikia mahubiri mwanzo mwisho na mchungaji anambishia. Nunua, mzee akisikia basi.

Mama Zuu
Bibi yako alipimwa?

Chuma Chakavu
Alipimwa na Mungu.

Mwalimu Mstaafu
Vijana, mimi ni mvaaji, acheni niseme. Hivyo vya bei chee vinakuza kila kitu kwa pamoja: mtu, feni, sufuria, pikipiki. Nilivaa kimoja harusini nikakivulia palepale mezani. Vya kupangwa kwa kompyuta vinaongeza pale tu sikio lilipopungukiwa, na vina kikomo ili mlango ukibamizwa usikuumize. Ni kama miwani ya machinga, inaweza kukufaa kwa bahati, lakini bahati yenyewe ni ya bibi yake Chuma Chakavu, siyo ya baba yako.

Navaa vya nyuma ya sikio, vyote viwili. Na kimoja tu niliwahi kuvaa: naitwa kushoto nageuka kulia, wajukuu wanacheka.

Popo_Bawa77
Mwalimu shikamoo. Kuzoea kulikuwaje?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Mwanzoni nilichukia hata sauti ya kutafuna kwangu mwenyewe. Gazeti likikunjwa nashtuka. Nikawa navaa saa chache nyumbani kukiwa kimya, naongeza taratibu, kisha nikarudi wakapunguza zile sauti kali. Ubongo umekaa miaka bila hizo sauti, hauzipokei kwa siku moja. Wazee wengi wanavua wiki ya kwanza na kukiweka kabatini.

Shangazi wa Tegeta
Nikuelezeni yaliyompata mume wangu, ili mleta mada asiende Jumamosi kichwakichwa.

Kuna watu walikuja na "vipimo bure", wamekodi ukumbi, mabango, vijana wamevaa makoti meupe. Kipimo chenyewe kwenye meza, nje muziki, jenereta inanguruma. Akaambiwa amepoteza asilimia sabini na ofa inaisha jioni. Tukalipa milioni na nusu kwa jozi. Siku ya kwanza raha tupu. Baada ya hapo la kushoto linapiga mluzi kila akicheka au akiegemea mto. Napiga simu, naambiwa tutakuja mwezi ujao. Mwezi ujao namba haipatikani.

Tukapeleka hospitali nyingine. Yule mtaalamu akaunganisha kifaa na kompyuta, kikakataa. Kimefungwa, ni programu ya aliyeuza pekee inayokifungua. Mluzi akatuonyesha chanzo chake: hawakuchukua umbo la sikio lake, walimwekea kipira cha saizi ya wote, sauti inavujia pembeni na kurudi kwenye maikrofoni. Akamtengenezea plagi ya sikio lake mwenyewe, mluzi ukaisha, lakini mpangilio wa sauti haukugusika. Na alipopimwa upya kwenye chumba cha kimya, kumbe lile la kushoto halikuwa baya kiasi kile.

Leo mume wangu hamwamini mtu yeyote mwenye koti jeupe, hata wa meno. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela uliza: kifaa kimefungwa, au kituo chochote kinaweza kukipanga? Baada ya mauzo nani ananihudumia, na wapi? Dhamana iko kwa maandishi?

Nesi wa Zamu
Shangazi pole sana. Wengine zingatieni hapo kwenye asilimia: odiogramu inasomwa kwa desibeli kwa kila mlio. Mtu akikutajia asilimia tu bila kukuonyesha mchoro, dai mchoro. Ni wako, ondoka nao.

Fundi Redio Tanga
Cha nyuma ya sikio, mjadala ufungwe. Nimefungua vya kila aina. Cha ndani spika yake inakaa kwenye nta na jasho, na kwa unyevu wa huku pwani utakuwa unakileta kwangu kila mara. Usiku kihifadhiwe kwenye kopo lenye mfuniko na vile vipakti vya kukausha vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu. Halafu betri. Cha ndani kabisa kinatumia namba 10, ya stika ya njano, kadogo mno, katamwangukia mzee kwenye mkeka. Cha nyuma ya sikio wengi wanatumia 13, ya chungwa, inakwenda wiki moja mpaka mbili. Ukibandua stika subiri dakika chache hewa iingie ndipo uweke, watu wanapachika hapohapo halafu wanalalamika betri feki.

Kilosa_Kwetu
Sasa si bora vya kuchaji, niepuke habari za betri?

Fundi Redio Tanga
Umeme wa kwenu ukikatika siku mbili mzee anarudi kunong'onewa.

Mama Zuu
Na betri za namba 13 Kilosa atazinunua duka gani? Nunua za miezi mjini upeleke.

Dullah_Minnesota
Huku Marekani tangu Oktoba 2022 vifaa vya upungufu mdogo na wa wastani mtu mzima ananunua dukani bila cheti cha daktari. Na 2024 FDA, mamlaka ya dawa ya huku, waliruhusu AirPods Pro 2, zile spika za masikioni za Apple, zitumike kama kifaa cha kusikia, zinakupima kwa simu yako mwenyewe. Kwa nini mzee asipate hizo? Nakuja Desemba naweza kubeba.

Mama Zuu
Zinataka iPhone. Mzee wa miaka 74 Kilosa, unampa iPhone apime masikio? Halafu hatujui hata kama upungufu wake ni wa wastani.

Dullah_Minnesota
Nilikuwa natoa wazo dada.

Chuma Chakavu
Mnasahau tiba zetu. Kitunguu saumu, mafuta ya nazi ya uvuguvugu, matone matatu usiku.

Nesi wa Zamu
Kama ngoma imetoboka umemwagia mafuta mpaka sikio la kati. Na hakuna tone linalorudisha vinyweleo vya sikio la ndani vilivyokufa.

Popo_Bawa77
Nesi, mama mkwe masikio yanalia "ziii" usiku kucha. Zamani alichomwa sana kwinini. Inaweza kuwa hiyo?

Nesi wa Zamu
Kwinini huleta mlio huo, ila mara nyingi hupungua dawa ikiisha. Zinazoharibu moja kwa moja ni sindano kama jentamaisini na streptomaisini. Mlete apimwe. Wengi wakivaa kifaa mlio nao unafifia.

Mwalimu Mstaafu
Na kelele jamani. Mtaani kwangu kuna baa, spika zimeelekezwa dirishani kwangu. Natoa vifaa ndipo nalala.

Chuma Chakavu
Mwalimu wewe una bahati, unajizima. Sisi tunaimba nao mpaka saa tisa usiku.

Fundi Redio Tanga
Peleka NEMC, baraza la mazingira.

Mwalimu Mstaafu
Nimepeleka. Walipunguza Jumatatu, Ijumaa wakarudia.

Kilosa_Kwetu
Wakuu, mama anasema la kulia lilianza mzee alipokuwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga, miaka mingi. Nimemwambia Jumamosi tunaenda kupima, amegoma, anasema nimpe hela anunue mbolea. Dullah, hizo AirPods bei gani?

Mama Zuu
Ee Mola.

Nyakato_Boy
Samahani kutoka nje ya mada. Mwanza betri namba 675, ya stika ya bluu, zinapatikana wapi?