Nina digrii ya kilimo, TSC (Tume ya Huduma za Walimu, Kenya) watanisajili?

Mkulima wa Njoro: Wadau, digrii yangu ni ya kilimo, si ya ualimu. Nafundisha sekondari, nimeajiriwa na BOM (bodi ya shule). Shambani kupogoa nyanya tunaelewana na wanafunzi, ila kuandaa somo hunitoa jasho. Nifanyeje?

Mwalimu Rongai: Digrii hiyo pekee haitoshi. Ongeza stashahada ya uzamili ya elimu, pamoja na mazoezi ya kufundisha. KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari) uwe na C+ ya jumla na C+ katika masomo yako mawili. Cheti cha tabia njema pia, usingoje dakika ya mwisho.

Mama Kuku: Na ujue mradi wa wanafunzi, karatasi ya tatu ya kilimo katika KCSE! Mbuzi wa jirani walimaliza sukuma zetu zote. Kilichotuokoa ni daftari la rekodi.

Mkulima wa Njoro: C+ ninazo. Asanteni. Basi, kwanza nijenge ua wa kuzuia mbuzi.