Naomba msaada: "long", "a long time", "for long", ipi itumike wapi?

Mgumu wa Marangu
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mgumu, nabeba mizigo Kilimanjaro tangu 2017, zaidi njia ya Marangu. Kuna kampuni imeniita kwenye usaili wa nafasi ya msaidizi wa mwongoza watalii, na usaili wote ni kwa Kiingereza. Sehemu mojawapo ni kusimama mbele yao uwaeleze kama wageni ratiba ya usiku wa kwenda kileleni, yaani kutoka kambi ya Kibo hadi kilele cha Uhuru.

Kinachonitatiza ni hili neno "long". Mgeni mmoja anasema "Will it take long?", mwingine "It took a long time", mwingine "I didn't sleep for long". Mara "a" ipo, mara haipo, na "time" vilevile. Nimeandika sentensi zangu, nikagueni, msinionee haya:

"I am a porter for long time."
"Summit night is long time."
"From Kibo to Uhuru it takes long."
"This is six days climb."

Natanguliza shukrani.

Mangi wa Himo
Hongera mkuu kwa kuitwa. Wageni watakuelewa hivyo hivyo. Wapo Waitaliano na Wajerumani ambao na wao wanasema "long time" tu na safari inakwenda. Mimi ningekushauri nguvu uziweke kwenye huduma ya kwanza na dalili za ugonjwa wa mwinuko, huko ndiko watakakokubana.

Mwalimu Mstaafu
Mangi, huduma ya kwanza ni kweli kabisa. Ila kijana anakwenda kupimwa lugha, na amekuja na swali lake, tumjibu.

Tuanze na "a". Sisi kwenye Kiswahili hatuna kitu hicho, ndiyo maana kinatudondoka. Ukitaja "time", "day", "night" au "walk" baada ya "long", "a" iwepo: "a long time", "a long night". Ile "long time no see" ni salamu iliyoganda, usiifanye kielelezo.

Sasa "long" ikiwa peke yake bila "time". Hiyo utaikuta zaidi kwenye maswali na ukanushi: "Will it take long?" "No, it won't take long." Ukikubali kwamba ndiyo, muda unakwenda, sema "It takes a long time." Kwa hiyo sentensi yako ya tatu irekebishe hivyo. Ila zikitangulia "too" au "so", au ikifuata "enough", hata kwenye kukubali inasimama yenyewe: "It took too long", "We have rested long enough."

Sentensi ya kwanza ina shida zaidi ya "a". Kiswahili ukisema "niko kwenye kazi hii muda mrefu" kila mtu anajua ulianza zamani. Kiingereza hakikuruhusu kubaki na "I am" hapo. Lazima "I have been a porter for a long time." Na kwa kuwa mwaka unaujua, utaje: "I have been a porter since 2017." "Since" hufuatwa na pale ulipoanzia, "for" hufuatwa na urefu wa muda. Ndiyo maana "since long time" haikai.

Ya pili: "Summit night is long" inatosha, "time" iondoe. Ya nne: "This is a six-day climb", "day" bila "s", kwa sababu hapo inafanya kazi ya sifa. Ukiigeuza, "s" inarudi: "The climb is six days long."

Dada wa Mapokezi
Shikamoo Mwalimu. Naomba niongezee moja, maana kwenye usaili wa uzoefu inaweza kumponza mtu. Kaka, angalia hizi mbili:

"I haven't worked on the Machame route for long."
"I haven't worked on the Machame route for a long time."

Ya kwanza maana yake umeanza kufanya kazi Machame juzi juzi. Ya pili, kwa kawaida, mtu ataelewa uliwahi kufanya, ila ni zamani. Tofauti ni "a" na "time" tu, na majibu ya msaili yanabadilika kabisa. Kama Machame hujawahi kabisa, sema "I have never worked on it" yaishe.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba mwanangu. Hilo nililisahau na ndilo zito kuliko yote. Mgumu, lirudie hilo mpaka likae.

Mgumu wa Marangu
Dada asante sana, hapo ningeingia mkenge. Swali jingine: mgeni akiniuliza "How long to Horombo?" (ile kambi ya njiani) anataka kilomita au masaa?

Mzee wa Mandara
Masaa, kijana. Kilomita wataulizia "How far". "How long is the trail?" hapo ndipo unataja urefu wa njia. Hata akiuliza "How far", mpe na masaa, kwa sababu kilomita za mlimani zinadanganya. Kutoka Kibo hadi Uhuru ni kama kilomita 6 tu, mgeni akisikia hivyo anadhani ni matembezi ya jioni, kumbe ni masaa 6 hadi 8 ya kupanda gizani na baridi. Mwambie: "It is not very far, but it takes a long time."

Na akikuambia "I won't be long" huku anaelekea nyuma ya jiwe, anasema hakawii. Simama umsubiri, kundi lisisogee.

Mgumu wa Marangu
Nimeandika upya, nikagueni:

"I have been a porter since 2017. This is a six-day climb. We leave Kibo around midnight. It takes six to eight hours to reach Uhuru, so it is a long night. We will not stop for long, because it is very cold. If you need more long rest, tell me."

Mwalimu Mstaafu
Vizuri sana. Rekebisha pale mwisho: "a longer rest", siyo "more long". Mengine yote yaache yalivyo, na uyasome kwa sauti pole pole kama unavyowapandisha wageni.