Eti takwimu hazina jina, halafu unanitajia saa nane usiku mbele ya mke wangu!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Ile apu ya daftari la duka, mnaijua, ile ambayo kila mwenye duka kuanzia Kariakoo mpaka Mbagala kapachikiwa na vijana wa fulana, leo saa nne asubuhi imenivunjia heshima, duka limejaa.

Imeganda tangu juzi. Nikapiga huduma kwa wateja, nikaweka spika maana mikono yote iko kwenye mizani napima misumari. Mke wangu yuko kaunta. Kijana akaomba namba ya duka, akanyamaza kidogo, kisha kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: "Bosi, naona unaifungua sana saa nane usiku, labda ndiyo maana inaelemewa."

SAA NANE USIKU! Mke wangu akaacha chenji hewani. Fundi aliyekuja kununua saruji akageuka. Bodaboda wa ng'ambo ya barabara wakazima injini wasikie vizuri.

Nilipojiunga niliulizwa kama naruhusu zitumwe takwimu za matumizi zisizo na jina. Nikabonyeza HAPANA. Likaja toleo jipya, kile kiswichi kikajiwasha chenyewe kama taa za msikitini. Nikamwambia kijana hivyo. Akanijibu: "Hazina jina lako bosi, kwani una cha kuficha?"

Hazina jina? Sasa hiyo saa nane usiku uliiota? Jina langu halimo, ila namba ya duka imo, saa imo, kila kitufe nilichogusa kimo. Wamebakiza kunihesabia kope. Mbele ya mke wangu! Saa nane usiku!

Nimeifuta. Sitaki kusikia habari za kuboresha huduma.

Mzee wa Vingunguti: Mkuu, acha takwimu kwanza. Saa nane usiku ulikuwa unafanya nini?

Shangazi Tabata: Na mimi nimekaa hapa nasubiri jibu hilo hilo.

Kipanga: Wifi yetu alisemaje? Leta mrejesho.

Kodi na Chai: Mimi natengeneza apu, nisikilizeni kidogo. Bila hizo takwimu sijui apu inaganda kwenye simu gani. Wateja wangu wengi wana simu za RAM ndogo, na hawapigi kulalamika, wanafuta tu wanaondoka. Takwimu safi ni hesabu ya jumla: watu wangapi wamefungua, kitufe gani hakiguswi. Kosa la hao jamaa ni kuzibandika kwenye namba ya duka. Hapo hazina jina kwa maneno tu, ukiwa na namba jina unalo. Na kumwashia mtu kitu alichokikataa ni ushenzi, hilo silitetei.

Mwenye uzi: Ahsante mkuu. Lakini saa nane usiku, mbele ya watu!

Bibi Maktaba: Hili si geni. Mwaka 2006 AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, ilimwaga hadharani maneno waliyotafuta watumiaji wake zaidi ya 650,000 ndani ya miezi mitatu. Majina yalitolewa, wakapewa namba. Waandishi wa New York Times wakamchukua namba 4417749, wakasoma alichokuwa anatafuta, magonjwa, mbwa, mafundi wa mtaani kwake, wakaenda mpaka mlangoni kwa mama wa watu huko Georgia. Na Strava, apu ya kurekodi mazoezi, ilipotoa ramani ya wakimbiaji, Januari 2018 watu wakaona kambi za jeshi zinang'aa jangwani, kwa sababu askari walikuwa wanakimbia na saa zao mkononi. Hakuna jina hata moja kwenye ramani ile. Kwa hiyo mwenye uzi ana haki ya kukasirika.

Mzee wa Vingunguti: Bibi umetupeleka mbali. Saa nane usiku jamani.

Mwenye uzi: Haya, nawajibu. Nilikuwa napiga hesabu za madeni. Mzigo wa mabati nimeuchukua kwa mali kauli tangu Ramadhani, haujalipwa. Mke wangu nilikuwa namwambia mambo yako sawa, nikisubiri alale ndipo nafungua daftari. Sasa amejua, na amejua kwa mdomo wa kijana nisiyemfahamu hata sura. Hicho ndicho nilichokuwa naficha. Mcheke sasa.

Shangazi Tabata: Pole baba. Nimefuta nilichotaka kuandika.

Kipanga: Pole kaka. Peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ipo tangu 2022 na ilianza kutumika Mei 1, 2023. Siyo pambo.

Mtoto wa Kisauni: Huku Mombasa hayo ya saa nane ni raha. Nilikopa kwa apu shilingi elfu mbili, nikachelewa siku tatu, wakampigia mama mkwe! Namba waliichota kwenye simu yangu. Mama mkwe mpaka leo akiniona anashika pochi.

Kodi na Chai: Hizo za mikopo ni balaa jingine, wala hazijifanyi kuwa hazina jina.

Dereva Daladala: Mimi naomba kuuliza, MB zangu zinakwenda wapi? Naweka bando asubuhi, nikifika Ubungo limekwisha, na simu ilikuwa mfukoni.

Mzee wa Vingunguti: Hilo ndilo la maana! Mimi jana limeisha nikiwa usingizini.

Shangazi Tabata: Na wale wa meseji za "umeshinda" mbona hawaguswi? Fungueni uzi wao.

Mwenye uzi: Wakuu, turudi kwenye daftari.

Dereva Daladala: Bando la wiki, siku mbili! Siku mbili!