Umepunguzwa kazi kwenye kampuni ya programu za kazi moja? Tupeane uzoefu

Wakuu, kampuni zinazotengeneza programu za kompyuta za kazi moja tu, mfano za maabara, bohari au bima, zikipunguza watu, anayetolewa huona ujuzi wake haununuliki kwingine. Wenye uzoefu mwageni hatua zinazofanya kazi.

Mdau wa kwanza: Usisaini makubaliano ya kuondoka kabla ya kusoma kipengele cha usiri na cha kutoshindana: kinakufunga muda gani, kwa wateja gani? Omba barua ya utumishi na hati za mishahara mapema, barua pepe ya kazini ikishafungwa utasumbuka. Akaunti zako binafsi zilizosajiliwa kwa barua pepe hiyo, au kwa laini ya ofisi, zihamishe. Msimbo wa kampuni (maandishi yanayounda programu yake) usiunakili hata faili moja. Ni mali ya mwajiri.

Mdau wa pili: Kwenye CV, jina la mfumo halimwambii kitu asiyeujua. Andika kazi yenyewe: kuoanisha malipo na ankara, kufuatilia bechi za dawa mpaka tarehe ya kuisha. Na lugha kongwe ya kuandikia programu isikutie unyonge. COBOL ilianza 1959 na mabenki bado yanaitegemea.

Mdau wa tatu: Kwangu riziki iko kwa wateja walioachwa kwenye mataa, kama mkataba wako unaruhusu. Programu isiyo na matunzo lazima ihamwe, na anayeijua mifupa yake ni wewe. Toa majedwali kama CSV (faili la maandishi lenye thamani zilizotenganishwa kwa mkato) ya UTF-8 (usimbaji unaobeba herufi za lugha zote). Kinachoharibu kazi ni kulibofya faili likafunguka moja kwa moja kwenye Excel: sifuri ya mwanzo ya namba ya simu inapotea, tarakimu zinazozidi 15 zinageuka sifuri, na 03/04 inaweza kusomeka Machi au Aprili kulingana na mipangilio ya kompyuta. Ukisevu hapo, umeharibu. Ingiza kwa njia ya kuleta data, safu hizo uziweke kama maandishi. Ukimaliza, linganisha idadi ya rekodi na jumla ya salio pande zote mbili, halafu kagua rekodi 20 kwa macho, hasa zenye majina ya herufi za ajabuajabu. Mteja asaini kabla mfumo wa zamani haujazimwa.

Mdau wa nne: Na hifadhidata ikiwa na nenosiri la kampuni?

Mdau wa tatu: Usilivunje wala kulitumia, hata kama unalikumbuka. Mteja aombe data yake kwa maandishi, akitaja kipengele cha umiliki wa data kwenye mkataba wa leseni.