Giza la Zambia 2024: tulaumu mvua au tulaumu serikali?

Kijana_wa_Tunduma: Wakuu habari za mchana. Wenzetu Wazambia ng'ambo ya boda uchaguzi wao ni wa Agosti 13, 2026 na stori kubwa bado ni ule mgao wa umeme wa 2024. Mimi kipindi kile nilikuwa navuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kila wiki, kuna fundi wa kuchomelea mageti namfuataga, jamaa alikuwa analala juu ya benchi la kazi, swichi ya taa kaiacha ON ili umeme ukirudi mwanga umwamshe. Unarudi saa nane usiku, anachomelea mpaka alfajiri, unakata. Kuna wakati masaa 21 kwa siku hawana umeme. Rais Hakainde Hichilema (HH) alisema El Niño, ambayo kwao huleta ukame, wapinzani wakasema uzembe. Nyie mnaonaje?

Mzee_wa_Kiwira: Ukame ni ukame bwana mdogo. Mwishoni mwa mwezi wa pili 2024 walitangaza janga la taifa, mahindi karibu hekta milioni moja yaliungua shambani, na umeme wao zaidi ya asilimia 80 ulikuwa wa maji. Sasa ulitaka rais apande mbinguni akafungulie bomba?

Sauti_ya_Nyika: Hapo kwenye asilimia 80 ndio serikali inapoingia mzee. Marais saba toka Kaunda, wote mayai kwenye tenga moja. Halafu Kariba, bwawa lao kubwa la umeme, sio ya Zambia peke yao, wanachangia na Zimbabwe, kuna mamlaka ya pamoja ya Mto Zambezi inapanga kila mwaka kila upande utumie maji kiasi gani. Novemba 2022 upande wa Zimbabwe waliambiwa wazime mitambo kwasababu fungu lao la maji walishalimaliza. Yani bwawa lilikuwa hoi kabla hiyo El Niño haijabisha hodi. Hiyo sio mvua, hiyo ni hesabu. Ila na Wazambia wenyewe nao wavivu kujiwekea akiba, hata mahindi si tuliwalisha sisi Watanzania.

Mama_Kitwe: Ngoja kwanza kaka. TULIWALISHA? Nimeolewa huku Zambia mwaka wa tisa sasa. Yale mahindi mliuza, serikali kwa serikali, pesa mkahesabu, hakuna gunia hata moja la sadaka. Mimi nilikuwa naamka saa kumi usiku kupanga foleni ya unga wa roller, ule wa mahindi usiokobolewa sana, mfuko mmoja kwa mtu, mtoto mgongoni. Kwahiyo mimi ndo mvivu?

Sauti_ya_Nyika: Shemeji usikasirike, nimesema kwa ujumla.

Mama_Kitwe: Kwa ujumla ndo mimi na mume wangu na wakwe zangu. Futa hiyo kauli.

Semi_Trela: Huyu bwana mahindi anayaonaga sokoni tu. Mimi ndo niliyabeba. Kuna safari tulilala kwenye foleni ya maroli siku nne, saa tisa za usiku baridi inakata masikio na vijana wa Kizambia wanapita gari kwa gari wanauza mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye kikaratasi. Mvivu anauza yai saa tisa usiku? Tatizo la Wazambia ni moja tu, nshima, ugali wao, laini mno, unakula nusu saa baadae njaa iko palepale.

Mzee_wa_Kiwira: Hahaha hapo umenena. Ule ni uji uliokosa sukari.

Mama_Kitwe: Mmeanza. Nyie ugali wenu mnausonga mpaka unaweza kujengea. Nshima inaliwa na ifisashi, mboga za majani za karanga, au kapenta za Kariba, inashuka yenyewe, haihitaji kusukumwa na maji jagi zima.

Semi_Trela: Kapenta si dagaa tu hao shemeji 😂

Mama_Kitwe: Dagaa wenu wa Mwanza mchanga nusu.

Msukuma_Halisi: Dagaa wa Mwanza wamefanya nini tena?? Mchanga ni wa kule wanakoanika chini, siku hizi tunaanika kwenye chanja. Muwe mnafanya utafiti.

Green_Forever: Naona mnapiga stori za mboga. Enzi za Lungu, rais kabla ya HH, mambo haya hayakuwepo, umeme ulikuwepo na unga bei poa. HH alivyokuwa upinzani alikuwa ana majibu ya kila kitu, ameingia 2021 majibu yameisha.

Sauti_ya_Nyika: Hayakuwepo? 2015 mgao, 2019 mgao, wote Lungu yuko ikulu. Na deni je, 2020 nchi imeshindwa kulipa wadai wa nje, alikuwa rais nani?

Green_Forever: Mwacheni marehemu apumzike. Mtu kafariki Juni 2025 wakaanza kuvutana na familia mpaka mahakamani Pretoria azikwe wapi. Kama maiti tu inawashinda, hilo bwawa wataliweza?

Mzee_wa_Kiwira: Umelitaja wewe marehemu, halafu tumwache.

Green_Forever: Nazungumzia heshima mzee wangu. Na ile Bill 7, muswada wa kubadili katiba, je? Viti vya majimbo toka 156 mpaka 226, wabunge 70 wa ziada, hao wote watataka viyoyozi. Umeme wa wapi?

Sauti_ya_Nyika: Hapo kwenye viyoyozi nakuunga mkono, naumia kusema.

Mama_Kitwe: Mimi bado nasubiri ile kauli ifutwe.

Sauti_ya_Nyika: Nimefuta shemeji. Wavivu ni sisi tuliokaa hapa saa za kazi.

Kijana_wa_Tunduma: Jamani niliuliza Kariba, nimeletewa dagaa na msiba. Ile pointi ya mgao wa maji wa Zimbabwe hakuna aliyeigusa, na mimi ndo nilitaka tukae hapo, maana na sisi Tanzania tumeshaweka megawati 2,115 za umeme kwenye maji ya mto Rufiji na tunashangilia.

Msukuma_Halisi: Sisi tuna gesi mkuu, usitutishe. Ila huyo fundi aliishia wapi?

Kijana_wa_Tunduma: Yupo. Alinunua jenereta kuukuu, mafuta yakamshinda, akaiuza. Akafunga sola ya taa na simu ila mashine ya kuchomelea haiwezi, inavuta sana. Siku hizi umeme ukiwepo anachomelea mchana kama watu wengine, ila anasema usingizi wa usiku haujamrudia, saa nane anashtuka mwenyewe.

Semi_Trela: Geti la futi 12 la kusukuma anafanya kwa kwacha ngapi? Napita Alhamisi.