Kugeuza picha ghafi kuwa JPEG: je, ninaweza kufuta faili za asili?

Muulizaji

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri kabla sijachukua hatua ambayo huenda isirekebishike. Nina folda kadhaa za picha nilizopiga kwa umbizo ghafi, nyingi zikiwa faili za NEF (ghafi za kamera za Nikon) na chache za CR2 (ghafi za Canon), na diski yangu ya nje inakaribia kujaa. Nimefikiria kuzigeuza zote kuwa JPEG za ubora wa juu kabisa, kisha nifute zile za asili; na endapo siku moja nitahitaji kuhariri picha fulani kwa kina, nitaichukua JPEG yake na kuirudisha kuwa TIFF au DNG, maumbizo yanayotumika kwa uhariri wa kina. Je, mpango huu una kasoro gani?

Jambo la pili linanitatiza zaidi. Nilipojaribu kugeuza picha chache kwa programu ya kompyuta, zilizotoka zilionekana zimefifia: rangi zimepoa, vivuli vimekuwa vya kijivu, na nyuzi za nguo hazionekani kwa ukali ule ninaouona kwenye skrini ya kamera. Isitoshe, kila ninapofungua faili ghafi, picha hutokea kwanza ikiwa na rangi nzuri, halafu baada ya muda mfupi hubadilika mbele ya macho yangu na kuwa butu. Je, programu ndiyo inayoiharibu picha?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, usifute chochote kwa sasa. Mpango wako unategemea kwamba kutoka ghafi kwenda JPEG kuna njia ya kurudi, na njia hiyo haipo.

Kihisi cha kamera hupima kiasi cha mwanga tu, hakitambui rangi. Ili rangi ipatikane, juu ya kila pikseli huwekwa kichujio kidogo chekundu, cha kijani au cha buluu, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka 1976, ambamo nusu ya pikseli ni za kijani, robo ni nyekundu na robo ni za buluu. (Kamera nyingi za Fujifilm zina mpangilio wake wenyewe, lakini wazo ni lile lile.) Faili ghafi ni kumbukumbu ya vipimo hivyo kabla havijafasiriwa, na kwa kawaida kila kipimo huandikwa kwa biti 12 au 14, yaani ngazi 4,096 au 16,384 za mwanga. Mpangilio wa weupe uliouchagua kwenye kamera, yaani ule unaosawazisha rangi ili cheupe kionekane cheupe, umeandikwa pembeni kama maelezo tu, haujagusa vipimo vyenyewe, ndiyo maana unaweza kuubadilisha baadaye bila hasara yoyote.

JPEG ni uamuzi uliokwisha kufanyika. Programu hukisia rangi mbili zinazokosekana katika kila pikseli kwa kuangalia majirani zake, huweka mpangilio wa weupe, hupinda ngazi za mwanga ili zilingane na macho yetu, kisha huzishusha hadi biti 8, yaani ngazi 256 kwa kila rangi. Baada ya hapo hutenganisha ung'avu na rangi, na mara nyingi hupunguza vipimo vya rangi hadi robo ya idadi yake, kwa sababu macho hayaoni upungufu huo kwa urahisi. Mwishoni picha hukatwa katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, kila mraba hugeuzwa kuwa namba 64 zinazoeleza mabadiliko mapana na madogo ndani yake, namba hizo hugawanywa kwa jedwali maalumu, na matokeo hukadiriwa hadi namba nzima iliyo karibu. Hasara kubwa ya mgandamizo iko hapo kwenye kukadiria, kwa kuwa namba nyingi ndogo huwa sifuri, na sifuri haiwezi kukuambia ilikuwa ngapi.

Chukua shati jeupe lililopigwa na jua kali. Katika faili ghafi, ikiwa kihisi hakikujaa kabisa, ukishusha mwangaza utaona mikunjo ya kitambaa na mshono wa kola vikijitokeza taratibu. Ukifanya vivyo hivyo kwenye JPEG ambayo eneo hilo limekwisha kufika 255, yaani ngazi ya juu kabisa ya mwanga, utapata baka la kijivu lisilo na mkunjo wala mshono. Anga la buluu nalo, ukilivuta sana katika JPEG, huanza kuonyesha mistari ya ngazi mahali palipokuwa na mpito laini.

Kuigeuza JPEG kuwa TIFF au DNG ni sawa na kuipiga picha upya picha iliyokwisha kuchapwa ukitarajia kupata negativu yake. Tena hutaokoa nafasi: picha ya pikseli milioni 24 ikihifadhiwa kama TIFF ya biti 16 bila kubanwa huchukua takriban megabaiti 144, wakati vipimo ghafi vya biti 14 vya picha hiyo hiyo, hata visipobanwa, ni takriban megabaiti 42. Utakuwa umefuta faili ndogo iliyojaa taarifa na kubaki na kubwa iliyopungukiwa. Niongeze pia, kwa kuwa naona wengi wakifanya hivyo, kwamba kubadilisha herufi za mwisho za jina la faili kutoka .NEF hadi .JPG hakugeuzi chochote ndani yake.

Mchangiaji wa pili

Nakubaliana na mwenzangu kwa yote, nami nijibu swali la pili, kwa sababu linawakatisha tamaa wapigapicha wengi wanaoanza kutumia faili ghafi.

Programu yako haiharibu picha. Ndani ya karibu kila faili ghafi kuna JPEG iliyopachikwa na kamera yenyewe, na hiyo ndiyo unayoiona kwenye skrini ya kamera. Unapofungua faili, programu hukuonyesha kwanza hiyo JPEG kwa kuwa iko tayari, huku nyuma ya pazia ikisoma vipimo ghafi na kutengeneza tafsiri yake. Ikimaliza, hubadilisha moja kwa nyingine, na hapo ndipo unapoona rangi zikipoa. Kamera ilikuwa imekwisha kuongeza utofauti wa mwanga na giza, kukoleza rangi, kunoa kingo na kupunguza chembechembe kwa kufuata mtindo wa picha uliochaguliwa kwenye menyu. Programu huru kama darktable na RawTherapee haziifuati menyu hiyo, bali hukupa picha ya kuanzia na kukuachia maamuzi. Programu ya mtengenezaji wa kamera yako husoma mipangilio hiyo na kuizalisha upya, kwa hiyo ukigeuza kwa kuitumia utapata matokeo yanayokaribiana sana na ya kamera.

Kama unachotaka ni zile rangi za kamera tu, huna haja ya kugeuza. Chopoa JPEG iliyopachikwa kwa programu ya bure ya ExifTool. Kwa faili zote za NEF zilizo katika folda uliyomo, amri ni hii:

exiftool -b -JpgFromRaw -w _kamera.jpg -ext NEF .

Kwa CR2, weka PreviewImage mahali pa JpgFromRaw, na mwishoni andika CR2 badala ya NEF. Kazi huenda haraka sana, maana hakuna hesabu inayofanywa upya, ni kunakili tu. Angalia jambo moja: nakala zilizochopolewa zinaweza kukosa tarehe na maelezo ya lenzi, nayo yanarudishwa kwa chaguo la -tagsfromfile la programu hiyo hiyo. Faili ghafi zenyewe hazitaguswa.

Mchangiaji wa tatu

Naona suala la nafasi bado halijajibiwa, na ndilo lililomleta ndugu yetu hapa.

Anza kwa kuchambua. Picha ulizopiga kwa mfululizo, zilizofumba macho au kukosa fokasi, haziwi bora kwa kuhifadhiwa ghafi, na kuzifuta moja kwa moja ni bora kuliko kuzipunguzia ubora zote, nzuri na mbaya. Hili linachosha, lakini ndilo litakalokupa nafasi kubwa.

Kwa zile zitakazobaki, unaweza kuzigeuza kuwa DNG, umbizo lililotolewa na Adobe mwaka 2004 ambalo maelezo yake ya kiufundi yako wazi kwa umma, na programu yao ya kugeuzia ni ya bure. DNG hubana vipimo bila hasara, hivyo ikiwa kamera yako ilihifadhi faili zisizobanwa utaona unafuu. Ikiwa tayari ilikuwa inabana, faida itakuwa ndogo. Programu nyingi za watengenezaji wa kamera hazifungui DNG zilizotokana na faili zao, kwa hiyo ukishafuta NEF umejifungia mlango huo. Kuna pia chaguo la DNG yenye hasara, ambalo hupunguza ukubwa sana, lakini binafsi silipendekezi kwa picha unazozithamini. Kwa siku zijazo, tafuta kwenye menyu ya kamera chaguo la kubana ghafi bila hasara, kama lipo.

Na kwa uzoefu wangu, diski ya pili ni jibu la uaminifu zaidi kuliko ugeuzaji wowote. Picha zilizo kwenye diski moja tu ziko hatarini hata diski isipojaa.

Muulizaji

Nawashukuru sana, mmenifungua macho. Nitaanza kuchambua na sitafuta faili ghafi za picha ninazozihifadhi. Nabaki na swali moja: ninapotengeneza JPEG za kuwatumia watu, niweke ubora kiasi gani, na kwa nini picha moja niliyoituma ilionekana imepauka kwenye simu ya mwenzangu ilhali kwangu ilikuwa nzuri?

Mchangiaji wa kwanza

Namba ya ubora si asilimia, na kila programu ina kipimo chake. Photoshop, kwa mfano, hutumia 0 hadi 12 anapohifadhi mtu kwa njia ya kawaida, na nyingine 0 hadi 100. Katika zile za 0 hadi 100, mimi hutumia takriban 90 kwa picha za kuchapisha na 80 kwa za mtandaoni. Kupanda kutoka 95 hadi 100 huongeza ukubwa wa faili kwa kiasi kikubwa bila tofauti inayoonekana. Lililo muhimu kuliko namba ni kutengeneza kila JPEG moja kwa moja kutoka faili ghafi, wala si kutoka JPEG nyingine, kwa sababu kila unapoihariri na kuihifadhi upya, kule kukadiria nilikokueleza hufanyika tena.

Kuhusu kupauka, inaelekea ulihifadhi picha katika Adobe RGB au ProPhoto RGB, ambazo ni nafasi pana za rangi (nafasi ya rangi ni kanuni inayoeleza kila namba ni rangi gani), na programu ya upande wa pili ikazisoma namba zake kana kwamba ni za sRGB, ambayo ni nafasi finyu zaidi ya rangi, hivyo kila rangi ikaonekana hafifu kuliko ilivyo. Kwa JPEG za kutuma, chagua sRGB wakati wa kuitoa picha kwenye programu (export), na hakikisha kisanduku cha kupachika profaili ya rangi kimetiwa alama. Kama bado unayo faili ghafi ya picha hiyo, itoe upya kwa mpangilio huo na umtumie mwenzako; kuigeuza ile JPEG ya mwanzo kunawezekana, ila utakuwa unabana kilichokwisha kubanwa.